Aliyeitandikia Helikopta

Nyuma ya soko la Machakos, pale njia ya Majengo inapokatana na ile ya kuelekea stendi, kuna kibanda cha fundi wa redio chenye ukuta mweupe kuliko nia ya mtu yeyote anayeuegemea. Mbele ya ukuta huo kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Anayekaa hapo nusu saa huinuka na mgongo umejaa chokaa, na wake wa mji huu hawana haja ya kuuliza mume alikuwa wapi. Wanamgeuza tu kama chapati na kuona. Saa kumi jioni Bi Mwanatumu huvuka barabara kutoka gesti yake ya vyumba vinne, birika la kahawa ya tangawizi mkono huu, vikombe mkono ule, na hapo kikao huwa kimefunguliwa hata kama hakuna mwenye la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wiki hiyo ya mwaka wa 2006 la kusema lilikuwa moja tu: Kapteni.

Kapteni Henry Muasya alikuwa rubani wa helikopta ya jeshi, mtoto wa hapa chini Kyumbi. Miaka sita nyuma alikuwa ameuawa katika vita vya watu wengine, huko Afrika Magharibi, katika nchi ambayo hakuna mtu wa benchi aliyewahi kuitaja kwa jina lile lile mara mbili. Alikuwa ameshuka kuchukua majeruhi. Sasa mjane wake, Syokau, alikuwa amemaliza kulijengea kaburi lake, na Jumamosi jiwe lingefunuliwa mbele ya watu. Akatuma neno mjini: watu wa Machakos watoe msemaji mmoja, aliyemwona Kapteni kwa macho yake ile siku ya helikopta. Atapewa maiki dakika tano.

Dakika tano za maiki! Kwa Bartholomew, fundi wa redio na mwenye kibanda, hiyo haikuwa habari ya kusikia halafu ukala ugali ukashuka. Miaka yote amefufua spika za watu, na hakuna siku hata moja spika ilitoa sauti yake. Kwenye mazishi ya ndugu yake wa tumbo moja, maiki ilipewa shemeji, na yeye akapewa kazi ya kufukuza mbuzi wasile maua. Safari hii alikuwa ameshaazima koti. Lilikuwa linaning'inia ndani ya kibanda, katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa.

Benchini wanamwita Kopailoti, na jina hilo alijipa mwenyewe.

— Ya kuchagua ni nini? alianza, kabla kikombe cha kwanza hakijajaa. Mtu yuko hapa. Hiyo helikopta niliishusha mimi, kwa hii mikono. Kushoto, kulia, haya, chini pole pole. Kapteni akaniona kwa kioo, akaniinulia dole gumba.

— Ilishukia maharagwe ya watu, alisema Jenerali. Huko ndiko uliielekeza?

Jenerali ni Othman, aliyelinda lango la kiwanda cha simiti huko Mavoko miaka ishirini na miwili, akastaafu na koti lenye vifungo vya shaba. Hakuwahi kushika bunduki, lakini akizungumzia vita utafikiri vilikuwa vikipita kwake kupigwa muhuri.

— Maharagwe ilikuwa ni mpango wa pili, alijibu Kopailoti. Sisi marubani huwa na mpango wa pili.

— Sisi marubani! Wewe hata baiskeli ya Wambua ilikushinda mteremko ule wa kanisa.

— Breki ilikuwa mbovu, Jenerali! Uliza mtu yeyote!

— Nimeuliza. Nimeambiwa ulifumba macho.

Kabla hatujaenda mbele, ni vizuri ujue siku yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu hawa ukiwaachia wataichanganya. Ilikuwa mwaka wa 1996. Mheshimiwa fulani alikuwa anakuja kufungua kisima, na helikopta ya jeshi ikapewa kazi ya kumleta mpaka uwanja wa shule. Naibu wa chifu akaambiwa ichorwe herufi H kubwa, nyeupe, ili rubani aone pa kutua. Asubuhi mji wote umejaa uwanjani, H ikaonekana, safi, inang'aa: mashuka saba ya kitanda, matatu upande huu, matatu upande ule, moja katikati, yametandikwa juu ya nyasi bila jiwe hata moja juu yake. Helikopta ikashuka. Upepo wake ukafika chini kabla yake. Mashuka yakainuka yote kwa pamoja kama bata mzinga waliotishwa, moja likamfunika mwalimu mkuu, moja likaenda na bendi ya shule, mengine yakapanda moja kwa moja kulikuta lile panga linalozunguka juu. Kapteni akaivuta helikopta juu, ikainama upande, ikazunguka miti ya mikaratusi kwa urefu wa kidole, na ikakaa katikati ya shamba la maharagwe. Mheshimiwa akateremka akiwa na rangi ya majivu na ganda la maharagwe kwenye tai.

Mji ulicheka mwezi mzima. Halafu miaka ikapita, Kapteni akafa vitani, na kicheko kikageuka kuwa kesi. Watu wakaanza kusema: basi yule aliyetandika mashuka angetuulia shujaa wetu hapa hapa nyumbani, kabla hata ya adui! Na mpaka wiki hiyo mtu huyo alikuwa hajajulikana.

Sasa nakwambia, na wewe usimwambie mtu. Alikuwa ni Kopailoti.

Naibu wa chifu alikuwa amempa gunia zima la chokaa, siku moja kabla, achore H. Kopailoti akalitazama gunia, akakitazama kibanda chake kilivyochakaa, akajiambia atapaka upande mmoja tu, na H itabakiziwa ya kutosha. Upande mmoja ukaufanya upande wa pili uonekane mchafu. Unajua mambo ya rangi. Usiku ulipoingia H ilikuwa imebaki kiganja kimoja. Alfajiri akavuka barabara, akakuta kamba ya Bi Mwanatumu imejaa mashuka ya gesti, meupe, makavu, na Mungu hajamwonyesha njia nyingine. Naibu wa chifu alihamishiwa Kithimani wiki iliyofuata, akaenda na siri yake. Na hao wengine wameegemea ushahidi miaka kumi, wanaubeba mgongoni wanaupeleka nyumbani kila jioni.

— Mimi shida yangu ni moja, alisema Bi Mwanatumu akimimina. Mashuka yangu.

— Yameanza, alinong'ona Jenerali.

— Sita nilirudishiwa, yamechanika utadhani yametafunwa na fisi. La saba mpaka leo. Na mwizi wangu namngojea. Sina haraka. Atakuja tu kunywa kahawa.

Kopailoti akaunguza ulimi.

— Bi Mwanatumu, ile haikuwa wizi, alisema Sayansi. Ile ilikuwa ni sayansi.

Sayansi ni Rodgers. Aliwahi kuosha vioo vya maabara katika sekondari moja, mpaka tukio la salfa ambalo hapendi kuulizwa.

— Sikilizeni. Shuka ni pamba. Pamba ikianikwa usiku mzima inajaa umeme. Helikopta nayo ni chuma. Inakuja kutoka Nairobi, vuu, vuu, vuu, inavuta. Hayo mashuka yalitoka kwa kamba yenyewe, yakatembea mpaka kiwanjani.

— Yakajipanga H? aliuliza Jenerali.

— Umeme unajua kusoma. Kwani stima inajuaje nyumba ambayo haijalipa?

Jenerali akatafakari hilo kidogo, akaona lina uzito, akalazimika kuleta lake.

— Nyinyi hamjui vita. Ile ilikuwa ni hujuma. Adui hangoji mfike kwake. Anakufuata nyumbani kwako miaka minne mbele, anakupima. Anataka kujua: huyu rubani akirushiwa shuka, anaenda kushoto ama kulia? Anaandika kwa kitabu. Halafu vita ikifika anajua pa kupiga.

— Ngai! Kopailoti akarukia pale kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Hapo umesema, Jenerali! Na mimi nilimwona! Wiki hiyo nilikuwa Tala sokoni, kwa mitumba, kuna mzungu mfupi, kamera hapa, anauliza bei ya mashuka. Meupe peke yake! Ya maua hataki!

— Ulimwona na hukusema? aliuliza Bi Mwanatumu.

— Nilikuwa nafanya uchunguzi.

— Miaka kumi?

— Uchunguzi wa ndani ni wa pole pole, Bi Mwanatumu.

— Na mashuka akayatoa kwa kamba yangu, si Tala?

— Bei ilimshinda.

Hapo hata Jenerali alicheka mpaka tofali likacheza. Kopailoti naye akaona upepo uko upande wake, akaongeza. Akasema Kapteni alikuwa na uwezo wa kurusha helikopta kinyumenyume mpaka Kangundo. Jenerali akasema hiyo si kitu, yeye alisikia kule vitani Kapteni aliishiwa mafuta, akaweka uji, na ikaruka. Sayansi akauliza uji wa mtama au wa mahindi, kwa sababu kuna tofauti. Kopailoti akasema wimbi, na akaapa kwa jina la mama yake.

Wakati huo msichana mmoja alikuwa amesimama pembeni ya benchi, begi la nguo begani, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Alikuwa wa miaka kama ishirini, viatu vya vumbi la Kyumbi, na paji la uso pana ambalo ungesema umeliona kwenye picha fulani.

— Hamjambo wazee wangu. Shikamoo, Bi.

— Marahaba mwanangu. Kaa, upewe kikombe.

Jenerali akasogea, Sayansi akasogea, msichana akakaa, akaegemea ukuta. Kopailoti alitaka kumwonya kuhusu chokaa, akaona si jambo la kulitaja.

— Naitwa Mumbua, alisema. Mimi ni wa Kapteni Muasya. Binti yake.

Sayansi alivua kofia. Jenerali alifunga kifungo kimoja cha shaba, halafu cha pili. Kopailoti alikumbuka kile kiapo cha uji wa wimbi, akatamani ardhi ya Machakos ingekuwa laini zaidi.

— Pole sana mama, alisema Jenerali. Tulikuwa tunamkumbuka tu. Kwa njia yetu.

— Nimesikia, alisema Mumbua, na mdomo wake ulikuwa unajizuia. Sikujua kuhusu uji. Wazee wangu, sitakaa sana. Mama amenituma na swali moja.

— Uliza! alisema Jenerali. Hapa kila kitu kinajulikana.

— Nani alitandika yale mashuka?

Watu watatu waliokuwa wanajua mafuta ya helikopta, mawazo ya adui na bei za mitumba Tala walitazama viatu vyao. Bi Mwanatumu aliweka birika chini, akaifunga leso kiunoni, akasimama.

— Hata mimi ningependa kusikia, alisema.

Kopailoti aliusikia moyo wake kama redio iliyoshika stesheni mbili. Mtoto amekuja kushtaki, alijiambia. Mtoto wa marehemu upande huu, mwenye mashuka upande ule, na katikati ni mimi na hii midomo yangu.

— Hatujui, mama, alisema Jenerali mwishowe. Lakini tukimpata, tutamfundisha.

— Hapana! Msichana aliinua mkono. Mama anamtaka ndiye aseme Jumamosi.

— Ati?

— Baba alikuwa akiandika barua kutoka kule. Kila barua kuna huyo mtu. Anasema: leo tumeshukia risasi, Syokau, na hakukuwa na mtu hata wa kunitandikia. Anasema akiogopa sana anamkumbuka yule jamaa wa Machakos aliyefikiria helikopta inakuja kulala, basi anacheka peke yake kwa usukani, halafu anashuka kuchukua majeruhi. Barua ya mwisho anasema akirudi atamtafuta, waketi, amnunulie soda. Hakurudi. Kwa hivyo tumekuja kumtafuta sisi.

Sasa uone watu wa benchi.

— Mimi ni mtu mnyenyekevu, alisema Jenerali, akikohoa. Ndiyo sababu sikutaka kusema. Lakini kwa vile ni familia imeuliza... ni mimi.

— Wewe? Sayansi aliruka. Siku hiyo ulikuwa kazini Mavoko! Mama, usimsikize. Mashuka niliyabeba mimi, moja moja, kwa heshima. Yalikuwa na umeme mpaka nywele zikasimama.

— Si ulisema yalitembea!

— Yalitembea nikiwa nimeyashika!

— Na adui wa kitabu alienda wapi, Jenerali?

— Adui nilikuwa mimi! Yaani, nilikuwa nampima kwa niaba ya serikali!

Mumbua alikuwa anamtazama huyu, anamgeukia yule. Mtu mmoja tu alikuwa amenyamaza. Kopailoti, aliyeshusha helikopta ambayo hakuishusha, aliyeinuliwa dole ambalo halikuinuliwa, sasa kitu pekee alichokifanya kweli katika hadithi yote kilikuwa kinagombaniwa mbele ya macho yake, na ulimi umelala kama betri ya mwaka jana. Akisema ndiyo, anapata maiki na anapoteza kahawa, pengine na meno. Akinyamaza, Jumamosi yuko kwa mbuzi.

— Tulieni, alisema Bi Mwanatumu, na wakatulia. Kuna njia rahisi. Alfajiri ile kwenye kamba yangu hapakuwa na mashuka peke yake. Kulikuwa na nguo moja zaidi, mwisho kabisa, upande wa mpera. Mwizi hakuichukua. Ni nguo gani?

— Soksi, alisema Jenerali.

— Taulo, alisema Sayansi. La kisayansi... la bluu.

Bi Mwanatumu alitikisa kichwa. Mumbua akaanza kushika begi lake ainuke. Ni pale begi lilipofika begani ndipo sauti ikatoka kwenye kona ya benchi, ndogo, kama redio iliyo chini ya mto wa kulalia.

— Gauni la ndani. La maua ya zambarau.

Jenerali na Sayansi wakageuka kumtazama.

— Hilo niliacha, alisema Kopailoti, akitazama kikombe. Nilifika hapo nikageuka nikaangalia upande mwingine. Mimi ni mtu niko na heshima zangu, Bi Mwanatumu.

Bi Mwanatumu alilivuta buibui lake mpaka kidevuni.

— Sasa chokaa ilienda wapi? aliuliza Sayansi pole pole. Si tulisikia naibu wa chifu alileta gunia zima la...

Akageuka akautazama ukuta. Jenerali naye akapeleka mkono nyuma, akajipapasa mgongo, akauleta mbele, akautazama ule weupe kwenye vidole kana kwamba anausoma.

— Miaka kumi, alisema Jenerali. Mke wangu ananipangusa. Miaka kumi.

— Nilitaka kupaka upande mmoja tu, alisema Kopailoti. Na mama, mimi... mimi sikuishusha hiyo helikopta. Nilikuwa nyuma ya choo cha shule. Nilipoona yameinuka nilikimbilia huko, nikafumba macho, nikangoja kishindo. Kishindo hakikuja. Nikafungua, nikaona baba yako amesimama katikati ya maharagwe, ameshika kiuno, amekunjama hivi. Nikasema, huyo ameumia! Kumbe anacheka. Anacheka mpaka kofia imeanguka. Hilo ndilo nililoliona kwa macho yangu. Hayo mengine yote ni maneno tu.

Mumbua alifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika, na wazee wote watatu waliinuka kwa hofu wakijua wamemliza mtoto wa marehemu. Alipoondoa mikono walikuta anacheka, machozi yako hapo hapo.

— Alikuwa anakunjama, alisema. Mama pia husema alikuwa anakunjama.

Akafungua lile begi. Akatoa shuka, jeupe zamani, sasa la rangi ya maziwa ya kuungua, limeshonwa pembeni mahali lilipochanika.

— Lilikuwa limeshika kwa mguu wa helikopta. Waliliona wakiwa wameshafika kambini. Baba akalileta nyumbani. Nimelilalia tangu niko darasa la nne.

Bi Mwanatumu alilichukua. Alilipima kwa mikono, akageuza ukingo, akaitambua mishono yake mwenyewe, akalinusa. Wote walimngoja kama wanaongoja hukumu.

— Limetunzwa, alisema.

— Mama anasema ni lako, Bi. Lakini anaomba mtuazime mpaka Jumamosi. Jiwe linatakiwa lifunikwe na kitu cheupe kabla ya kufunuliwa. Na anataka alifunike yeye, huyo aliyelitandika. Halafu ndiyo apewe maiki.

Kopailoti akainua kikombe chake kimiminiwe.

Bi Mwanatumu aliliinamisha birika. Likatoa tone moja, la pili likagoma.

— Kahawa imeisha, alisema. Kisha akalikunja lile shuka mara nne, akalilaza juu ya magoti ya fundi wa redio, na kidole chake kikabaki pale juu kikilikandamiza. Utalifua leo kwa mkono. Kesho utalipiga pasi. Jumamosi utavaa hilo koti lako, utaenda Kyumbi, utalitandika juu ya jiwe la mwanamume huyo vizuri, pembe zote nne.

— Ndiyo, mwaitu, alijibu Kopailoti, kama Mkamba anavyomwitikia mama yake.

— Na Bartholomew.

— Mwaitu.

— Safari hii uweke mawe.